Gome la houpo kwa usingizi na mawazo: namna ya kulitumia ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukikolea huku kusini, usingizi unakuwa adimu. Mzigo umeshafika chama cha msingi, stakabadhi iko mfukoni, mnada umepita, hela haijaingia benki, na Januari shule zinafunguliwa. Saa nane za usiku mtu yuko macho, anapiga hesabu zile zile alizopiga saa tano. Akiambiwa kuna dawa ya Kichina ya gome la mti, inatuliza mawazo na kuleta usingizi, tena "haina kemikali", haulizi mara mbili.

Nauza dawa, na makopo hayo nayaona yakipita mikononi mwa watu, mengine yamenunuliwa mtandaoni, mengine yameletwa na shemeji kutoka Kariakoo. Silipingi gome hili. Lina kitu ndani yake. Ila msimamo wangu ni huu: ni gome la kukuvusha wiki chache ngumu, basi. Kwa hiyo tarehe ya kuacha ipangwe kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Asiyeweza kupanga tarehe hiyo, tatizo lake ni kubwa kuliko kopo.

Kwanza, unameza nini

Gome linaitwa houpo, na mti wake kitaalamu ni Magnolia officinalis. Ni mti wa China, wenye majani mapana na maua makubwa meupe, unaoota katika majimbo kama Sichuan, Hubei na Zhejiang. Huchunwa kati ya Aprili na Juni, kisha gome hukaushwa mpaka linajikunja kama mdalasini, ila ni nene zaidi na halina utamu wowote.

Waganga wa China wa zamani hawakulitoa kama dawa ya usingizi. Walilitoa kwa tumbo lililojaa gesi, chakula kisichoshuka na kifua chenye makohozi. Jambo moja tu linalokaribia habari zetu za mawazo ni mchanganyiko wa tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa utawala wa Han, miaka kama 1,800 iliyopita. Aliunganisha houpo na tangawizi na vitu vingine vitatu kwa mtu anayehisi kitu kimemkwama kooni, akimeza hakishuki, akikohoa hakitoki, na daktari akichungulia haoni kitu. Wajapani wanautumia mchanganyiko huo hadi leo. Watu wenye donge la namna hiyo nawaona hata hapa, hasa wajane na wenye kesi za mashamba.

Hiyo habari ya kutokuwa na kemikali iacheni. Gome hili linafanya kazi kwa sababu lina kemikali mbili, magnololi na honokioli. Zote zinaongeza nguvu ya GABA, kile kitu cha asili ambacho ubongo hutumia kujipunguza kasi. Diazepam, dawa ya hospitali ya kutuliza na kulaza, nayo hupitia njia hiyo hiyo. Panya waliopewa kemikali hizi walisinzia haraka zaidi na kulala zaidi. Kwa binadamu, utafiti unaotajwa sana ulitoka mwaka 2013: watu 56 wenye msongo wa wastani, nusu wakapewa miligramu 500 kwa siku kwa wiki 4, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walikuwa na kotisoli, homoni ya msongo, pungufu kwa asilimia 18, na walisema wana wasiwasi na uchovu mdogo zaidi. Lakini ile haikuwa houpo peke yake. Ilichanganywa na gome la mti mwingine. Na kilichopimwa zaidi ni msongo. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba "imethibitishwa kuleta usingizi", mwitikie tu na uendelee na safari yako.

Hatua ya 1: Chunguza kinachokukesha

Usianze na kopo, anza na daftari. Kwa juma moja andika saa uliyopanda kitandani, saa ulizoshtuka, ulichokula na kunywa kuanzia alasiri, na dawa zote ulizomeza. Watu wengi wakifanya hivi kwa uaminifu hawafiki hatua ya pili.

Chukua kahawa. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, mzee akishaswali magharibi anakaa barazani na vikombe vyake viwili vitatu vya kahawa chungu na kashata. Nusu ya kafeini aliyoinywa saa moja jioni bado iko mwilini saa sita usiku. Anageuka huku, anageuka kule, analaumu mawazo. Vijana wa bodaboda wao wana vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Ni kafeini ile ile. Ihamishe kahawa kabla ya saa nane mchana kwa juma zima, uone.

Uraka, pombe yetu ya mabibo, nao una hila. Unalaza haraka, hilo ni kweli, halafu saa nane au saa tisa usiku unakuamsha na kiu na moyo unaokwenda mbio. Anayekunywa uraka ili alale anajikopesha saa mbili na kulipa nne.

Kuanzia Juni na Julai, wakati wa kupulizia mikorosho salfa, wapo wanaokesha kwa kukohoa na macho kuwasha. Hao wanahitaji barakoa, kuoga wakirudi shambani, na nguo za kupulizia zisiingie chumba cha kulala. Gome halina msaada kwao. Anayeamka mara nne kwenda haja ndogo apime sukari, na kama ni mwanamume wa makamo na kuendelea aangaliwe tezi dume. Anayekoroma hadi pumzi inakatika kisha anashtuka, huyo ndiye ninayemkataza kabisa kitu chochote cha kusinzisha mpaka aonane na daktari.

Kuna pia dawa za hospitali zinazofukuza usingizi. Prednisolone ni mojawapo, hasa ikimezwa jioni. Dolutegravir, iliyomo kwenye vidonge vya ARV vya wengi siku hizi, huwakesha baadhi ya watu. Mara nyingi dawa yake ni kuihamishia asubuhi, na jambo hilo linapangwa na wahudumu wa CTC, kliniki inayotoa ARV. Usilifanye kimyakimya, na usiache dozi.

Na kama ni msimu wa jando na unyago na ngoma iko nyumba ya tatu, nakuonea huruma. Gome halizibi masikio. Nenda kalale kwa dada yako.

Ukiona unakosa usingizi angalau siku tatu kwa juma, na hali imedumu miezi mitatu, hayo sasa ni maradhi yanayojitegemea. Tiba inayotangulia kwa maradhi hayo ni kuifundisha upya tabia ya kulala. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kupigia hesabu za chama cha msingi (AMCOS) wala kutazama simu. Ukikaa macho muda kama wa dakika ishirini, toka kitandani, kaa ukumbini kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Wiki mbili za mwanzo zinachosha, lakini faida yake hudumu kuliko ya kidonge chochote ninachouza.

Mawazo yakifika mahali pa kuona bora ufe, au huzuni imekufanya usile na usitoke ndani, soma mwongozo huu siku nyingine. Leo nenda hospitali na mtu unayemwamini: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, Ndanda au Nyangao kwa walio njia ya Masasi.

Hatua ya 2: Je, wewe ni mtu wa kulitumia?

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto: hapana. Wenye ugonjwa wa ini au figo: hapana, mpaka daktari wao aseme vingine.

Halafu kuna wale wanaomeza vitu vingine vya kusinzisha. Hapa ndipo ajali nyingi zinapoweza kutokea, kwa sababu watu hawavihesabu kama dawa za usingizi. Mama mmoja alikuja na kopo kutoka Tandahimba, kanga imefunikwa juu yake kana kwamba kaficha kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niangalizie hii. Baba yenu halali kabisa, nimeambiwa nimpe mbili usiku."

"Baba anameza dawa gani nyingine?"

"Hamezi kitu. Vya presha tu."

"Vya presha peke yake?"

"Na vile vidogo vya usiku, vya ganzi ya miguu."

Vile vidogo vya usiku vilikuwa amitriptyline, ambayo yenyewe husinzisha. Juu yake aongezewe vidonge viwili vya gome, na choo kiko nje ya nyumba, ng'ambo ya ua wenye giza. Mzee wa miaka sabini akianguka na kuvunja nyonga hapo, usingizi hautakuwa tatizo lake tena.

Kwa hiyo orodhesha kila kitu. Diazepam, phenobarbitone ya kifafa, amitriptyline, promethazine, hata piritoni ya mafua: usichanganye na houpo. Pombe vivyo hivyo, iwe bia, uraka au nipa. Wanaomeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya kila siku waulize daktari kwanza, kwa maana kemikali za gome hili, zikipimwa maabara, zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa sababu hiyo hiyo, anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Wa ARV, wa TB na wa kifafa wasijaribu bila kumuuliza anayewapa dawa zao. Ini ndilo linalosafisha vyote hivyo, na gome linaweza kuvuruga kasi yake.

Kazi yako nayo ni sehemu ya jibu. Dereva wa lori la makaa ya mawe anayeondoka saa kumi alfajiri, mlinzi wa ghala, mvuvi anayeingia baharini usiku na karabai: kwenu ninyi hatari ya kusinzia kazini ni kubwa kuliko faida.

Hatua ya 3: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Hii ndiyo hatua ninayoiwekea uzito kuliko zote, na sababu yake ilitokea Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina, gome la magnolia likiwa mojawapo. Figo zikaanza kufa. Madaktari walipoandika habari hiyo mwaka 1993, na uchunguzi ulipoendelea, ikaonekana gome halikuwa na kosa. Mzizi mmoja katika mchanganyiko ulikuwa umebadilishwa na mzizi wa mmea mwingine wenye jina la Kichina linalokaribiana nao, jamii ya Aristolochia, ambao ni sumu ya figo na huleta saratani ya njia ya mkojo. Walioathirika walikuwa takriban mia moja. Hawakudhuriwa na dawa waliyoambiwa wanaimeza. Walidhuriwa na mchanganyiko ambao hakuna aliyeukagua.

Sasa fikiria unga wa kahawia ndani ya mfuko wa nailoni, hauna jina, umefungwa kwa fundo, unauzwa kwenye mkutano wa semina ya afya. Usiununue, hata kama muuzaji ni mtoto wa shangazi yako.

Kwenye kopo tafuta jina kamili Magnolia officinalis, au kwa Kilatini cha maduka ya dawa ya China, Cortex Magnoliae Officinalis. Kama kuna maandishi ya Kichina, herufi za gome ni 厚朴. Ukiona 厚朴花, hayo ni maua yake machanga, ni dawa nyingine. Kuwe na uzito kwa miligramu, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji lenye anwani. Muulize muuzaji usajili wa hapa nchini. Dawa zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo ina ofisi ya kanda Mtwara, na watoa tiba asili wanasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akianza kukasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Makopo mengi ya "msongo na usingizi" ni mchanganyiko. Mwenzake houpo mara nyingi ni Phellodendron, gome la njano lenye berberini. Berberini inashusha sukari na inaingiliana na dawa nyingi. Kwa mjamzito na mtoto mchanga ni hatari. Mwenye kisukari anayemeza dawa asiguse mchanganyiko huo kwa kukisia. Na dawa ya mitishamba inayokuangusha usingizi ndani ya dakika kumi, kama umepigwa rungu, itilie shaka: zimewahi kukamatwa dawa za mitishamba, sehemu mbalimbali duniani, zikiwa zimetiwa diazepam ndani kwa siri.

Kisha kuna suala la nguvu, ambalo karibu kila mtu hulikosea. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataka gome kavu liwe na angalau asilimia 2 ya magnololi na honokioli kwa pamoja. Gramu 3 za gome, basi, zina kama miligramu 60. Lakini viwandani hukamua na kukoleza, na kapsuli moja ya miligramu 200 iliyoandikwa asilimia 90 ina miligramu 180 za kemikali hizo. Kapsuli hiyo moja, ndogo kuliko punje ya korosho, ni sawa na gramu 9 za gome. Jirani yako anayesema "mimi nameza mbili na sina neno" huenda anatumia kopo la asilimia 2. Ukimwiga kwa kopo la asilimia 90 umemeza mara arobaini na tano ya alichomeza yeye. Soma asilimia. Kama haijaandikwa, rudisha kopo.

Anayenunua gome lenyewe badala ya kapsuli alishike na kulikagua. La kweli limekunjika, nje lina rangi ya kijivu na kahawia na ni la kukwaruza, ndani ni laini, kahawia iliyoingia zambarau. Likwangue upande wa ndani kwa ukucha: linaacha alama inayong'aa kama mafuta. Livunje karibu na dirisha, na mara nyingine utaona chembe ndogo zinazometameta kwenye mvunjiko. Harufu yake ni kali, ladha ni chungu na inachoma kidogo ulimi.

Jambo moja tena, kwa sababu watu wameshaniuliza. Wachina wana gome jingine la huzuni na kukosa usingizi, la mti unaoitwa Albizia julibrissin, na mkenge wetu wa huku ni wa ukoo huo. Tafadhali, msiende kuchuna mkenge. Ukoo mmoja si mti mmoja, na miongoni mwa miti ya ukoo huo ipo ambayo magome yake ni dawa ya minyoo inayoweza kudhuru ikizidishwa.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Chagua usiku ambao kesho yake huna safari wala mashine ya kuendesha. Kula mapema na kula chakula chepesi. Houpo ikikuta tumbo tupu huwapa wengine kiungulia, na ikikuta sinia la ubwabwa saa tatu usiku haitakusaidia kitu.

Anza na kiwango cha chini kabisa cha kopo lako, na kwa vyovyote kisizidi miligramu 200. Kama ni la asilimia kubwa, tafuta kapsuli ndogo zaidi. Siafiki kumwanzishia mtu mgeni nguvu ya asilimia 90. Meza nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Kwa mfano, saa tatu na nusu umemeza, unafunga mlango, unatandaza chandarua, saa nne uko kitandani na simu iko chumba kingine. Usimeze kisha ukakaa kutazama mpira hadi saa sita. Ule usingizi mwepesi wa mwanzo utakupita kwenye kochi.

Saa nane ukishtuka usiongeze kidonge. Tumia ile mbinu ya kutoka kitandani.

Ramadhani ina hesabu yake. Aliyeswali tarawehe, akameza saa nne na nusu, kisha akaamka daku saa kumi, atakula na uzito kichwani, na anaweza kupitiwa alfajiri. Mwezi huo, kulala mchana kidogo baada ya adhuhuri kunafaa kuliko gome.

Kuhusu kumeza asubuhi na jioni kwa ajili ya msongo, kama walivyofanya kwenye ule utafiti wa 2013, sishauri kwa mtu anayeendesha chombo chochote. Asiyeendesha, na aliyeona kwamba kidonge cha usiku hakimpi uzito asubuhi, anaweza kuzungumza na mfamasia kuhusu hilo. Lakini kwa maoni yangu mtu anayehitaji kutulizwa mchana kutwa anahitaji kusikilizwa na mtu kwanza.

Hatua ya 5: Kwa wanaochemsha

Pima gramu 3 kwa mizani, ya jikoni yenye namba ndogo au ya sonara. Kijiko hakifai, gome halijai kijiko sawasawa. China hutumia gramu 3 hadi 10 kwa siku kwenye dawa ya kuchemsha, na mara nyingi pamoja na vitu vingine chini ya macho ya mganga; wewe peke yako baki kwenye 3.

Livunjevunje, liloweke nusu saa katika vikombe viwili vya maji. Tumia chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu. Wachina hukwepa chuma cha kawaida na alumini kwa dawa za namna hii. Tia vipande vitatu vya tangawizi mbichi. Tangawizi si ya ladha tu: huko kwao gome hukaangwa na maji ya tangawizi kwa sababu likiwa ghafi hukwaruza koo. Chemsha taratibu dakika 20 hadi 30, mpaka kibaki kama kikombe kimoja, chuja, kunywa saa moja kabla ya kulala. Asali kidogo ruksa. Usilaze chungu hicho kwa ajili ya kesho, hasa Novemba kwenye lile joto letu, chemsha upya.

Gome lililobaki na makopo vikae pakavu, kwenye chombo chenye mfuniko. Unyevu wa pwani unaharibu haraka, na gome lenye ukungu linatupwa, halioshwi.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kujipima

Rudi kwenye lile daftari. Kila asubuhi andika muda uliochukua kulala, mara ulizoamka, na hali ya kichwa saa tatu asubuhi. Usibadilishe jambo jingine katika wiki hizo, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni gome au ni kuacha kahawa.

Unachoweza kukiona kibaya ni usingizi wa mchana, kizunguzungu, kichefuchefu na kiungulia. Wachache waliotumia ule mchanganyiko wa magome mawili waliripoti mikono kutetemeka na ganzi kuzunguka midomo. Ukiona hayo, acha. Upele, uso au midomo kuvimba, au pumzi kubana: hospitali mara moja, na kopo uende nalo. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha na ukapime ini.

Wiki mbili zikipita bila tofauti kwenye daftari, dawa hii si yako. Usiongeze dozi. Hapa ndipo wauzaji hupata fedha yao, kwa kukwambia mwili "haujazoea" na unahitaji kopo la pili.

Hatua ya 7: Kuacha

Waliofaidika waendelee hadi wiki nne, mwisho. Tafiti zenyewe zilizofanyika kwa binadamu kwa ule mchanganyiko wa magome mawili zilikwenda wiki nne hadi sita, kwa hiyo anayemeza miezi minane anajaribia mwili wake jambo ambalo halikupimwa. Ile tarehe uliyoipanga mwanzo iandike kwa kalamu juu ya mfuniko wa kopo, mke au mume aione.

Juma la mwisho meza siku moja, ruka moja. Usiku mmoja au miwili usingizi unaweza kuwa mwepesi. Usikimbilie kopo, shikilia saa ya kuamka. Ukiona huwezi kulala bila gome kabisa, nenda kituo cha afya na daftari lako, maana daktari akiona kurasa hizo ataelewa kwa dakika tano kile ambacho ungemweleza kwa nusu saa.

Madhara uliyoyapata, hata madogo, yatolewe taarifa. Vituo vya afya na maduka ya dawa yana fomu za njano za TMDA kwa kazi hiyo, na mfamasia anaweza kukujazia. Vidonge vilivyobaki usimgawie jirani anayelalamika halali. Hujui anameza nini kingine. Virudishe duka la dawa viteketezwe.